Ghala, Upepo na Sheria

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, Shinyanga na Geita. Naamini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Katika somo la juma lililopita tulizungumza habari za wakulima wa pamba na mizani. Leo tutabaki hapo hapo, lakini hatutaitazama mizani. Tutaitazama nyumba iliyotiwa mizani hiyo, yaani ghala. Tutauliza ghala hilo lilijengwaje, sheria ilisema nini juu ya watu wafanyao kazi ndani yake, na upepo mkubwa ukija wao huwaje.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, upepo si historia. Upepo ni kazi ya Mungu." Ni kweli, hakuna mtu aletaye upepo. Lakini ukuta hujengwa na mtu. Paa hupigwa misumari na mtu. Mlango hufungwa kwa kufuli na mtu, naye huweka ufunguo mfukoni akaenda zake sokoni. Mambo hayo yana miaka yake, yana sheria zake, na yana wenyewe. Kwa hiyo ni historia.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Neno kimbunga hutumiwa kwa upepo wa namna mbalimbali. Kimbunga cha baharini ni dhoruba kubwa sana, yenye upana wa mamia ya kilomita, nayo hutoka katika Bahari ya Hindi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga cha namna hiyo kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kingine kiliupiga mji wa Lindi. Kimbunga hicho hakifiki Shinyanga na nguvu zake. Ardhi humaliza nguvu hizo njiani.

Kuna upepo wa pili, wa kuzunguka. Ule mdogo wa kiangazi, uokotao vumbi na majani uwanjani, mnaufahamu: ni chamchela, nao wengine huuita kisulisuli. Ule mkubwa hushuka kutoka katika wingu la mvua kama mkonga wa tembo. Wavuvi wa Ziwa Victoria huuona ukisimama juu ya maji. Ukishuka juu ya nchi kavu wataalamu huuita tonado. Tena upo upepo wa tatu, nao ndio ambao sisi wa huku yatupasa kuuogopa zaidi. Wakati wa masika, mchana, jua huichoma ardhi, hewa ya moto hupanda, hukutana na unyevu, na wingu jeusi hujengeka likawa refu kama mlima wenye kilele bapa. Kisha hewa ya baridi iliyo ndani ya wingu hilo huanguka chini pamoja na mvua na mawe ya barafu. Ikifika ardhini haina pa kwenda, basi husambaa pande zote kwa kasi. Huo ni upepo wa dhoruba. Kwa mtu aliye chini ya bati, tofauti ya upepo huu na tonado ndogo si kubwa. Bati litaondoka vile vile.

Sasa tuje nyumbani. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, katika nchi ya Kahama, mkoani Shinyanga. Watu walikuwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wengine waliumia, na mamia ya nyumba yaliharibika. Mlikuwapo baadhi yenu. Sina haja ya kuwasimulia. Nataka mkumbuke jambo moja tu. Nyumba nyingi zilikuwa za tofali mbichi. Maji yaliponyesha juu ya kuta, tofali zililainika. Paa likaondoka au likabonyea. Ukuta ukaanguka juu ya waliolala. Ukiuliza ni kitu gani kilichowaua watu wa Mwakata, wengi watajibu kuwa ni mvua na upepo. Mimi nasema, kwa sehemu kubwa ni kuta.

Nasema hivyo nikiwa na sababu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa kama lenu ndani ya ghala la chama kimoja cha msingi, kijiji sitakitaja. Tulikuwa watu 23. Pamba ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, nasi tukapewa ruhusa ya kukaa humo. Mchana ule wingu lilikuja, na upepo ukaingia kwa mlango mkubwa uliokuwa wazi. Nikawaambia wanafunzi wangu, "Njoni huku ukutani, mtalowa." Mzee mmoja, fundi wa kujenga tangu ujana wake, akanishika mkono akasema, "Mwalimu, si ukutani. Ukuta huu mrefu hauna nguzo. Tutoke." Tukaenda mlango mdogo wa nyuma. Ulikuwa na kufuli kwa nje, na mwenye ufunguo alikuwa mjini. Tukarudi katika chumba kidogo cha karani, tukabanana humo watu wote, mama mmoja na mtoto wake katikati. Bati nane ziliruka. Ukuta haukuanguka siku ile. Lakini mimi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, ndiye niliyekuwa nikiwapeleka watu mahali pabaya, na mzee ambaye wakati ule alikuwa bado akijifunza kuandika jina lake ndiye aliyetuokoa.

Basi ghala kama lile lilitoka wapi? Kabla ya miaka ya 1950, pamba ya Usukuma ilinunuliwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na wengi wa wenye majineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba, walikuwa wao. Wakulima walinung'unika juu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake wakawakusanya wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 kikazaliwa chama kikubwa, Victoria Federation, kilichojulikana kwa herufi VFCU. Kila chama cha msingi kilihitaji mahali pa kupimia na kulaza pamba. Vijiji vikajenga, tena kwa haraka, kwa kuwa msimu haungoji. Tofali zilifyatuliwa kando ya kisima, mbao zikanunuliwa, bati zikaletwa kwa lori.

Wazee wale nawasifu. Walitafuta haki ya kilo yao, wakaipata. Lakini nikitazama maghala ya zamani yaliyobaki vijijini, naona kwamba macho yote yalikuwa juu ya pamba na bei yake. Ghala lilijengwa refu ili liingize mzigo mwingi. Halikugawanywa kwa kuta za ndani, maana kuta za ndani hula nafasi. Mlango ulifanywa mkubwa ili magunia yapite. Kwa pamba, mambo hayo yote ni mazuri. Kwa mchukuzi anayepanga magunia humo, upepo ukija, ni mabaya.

Tuone kwa nini. Chukueni karatasi moja, kila mtu. Ishikeni kwa ncha mbili, iweke chini kidogo ya midomo yako, ukapulize juu yake kwa nguvu. Msipulize chini, pulizeni juu. Mmeona? Karatasi iliyokuwa imelala imeinuka. Paa la bati hufanya vivyo hivyo. Upepo ukipita juu yake kwa kasi, paa huvutwa juu. Na kama mlango mkubwa uko wazi upande wa upepo, hewa huingia na kulisukuma paa kutoka ndani. Juu linavutwa, chini linasukumwa. Kama kenchi zimewekwa tu juu ya ukuta na kupigwa msumari mmoja mmoja, zitang'oka. Nalo paa likiondoka, ukuta mrefu hupoteza kitu kilichokuwa kikiushika kichwani.

Sasa hesabu kidogo. Upepo wa kilomita 120 kwa saa husukuma ukuta kwa nguvu ya kilo 65 hivi katika kila mita moja ya mraba. Ukuta wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 4 una mita za mraba 80. Zidisheni 80 kwa 65. Mmepata 5,200, yaani zaidi ya tani tano. Ni kama lori lililopakiwa limeegemea ukuta wa tofali. Tena upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Fanyeni hesabu hiyo nyumbani.

Fundi mzuri hujua dawa yake, wala si ya gharama ya kutisha. Hufunga linta ya zege yenye nondo kuzunguka kuta zote, kama mshipi kiunoni. Hutoa nondo au ukanda wa chuma kutoka katika linta hiyo na kuufunga juu ya kenchi, ili paa na ukuta viwe kitu kimoja. Husimamisha nguzo kila baada ya hatua chache katika ukuta mrefu. Katika pembe moja hujenga chumba kidogo chenye kuta nene na dari ya zege, bila dirisha kubwa. Siku za kawaida chumba hicho ni cha karani au cha vyoo. Siku ya dhoruba ni kimbilio.

Na sheria je? Mwaka 1950 Serikali ya Tanganyika wakati wa Waingereza ilitunga Sheria ya Viwanda. Ilifuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Ilitaka mashine zizungushiwe kinga, mahali pa kazi pawe safi na pawe na hewa, na pawe na njia ya kutokea moto ukiwaka. Ilisema pia jambo ambalo ningependa mliandike kwa herufi kubwa: watu wakiwa ndani, mlango usifungwe kwa namna itakayowazuia kuufungua mara moja kutoka ndani. Hiyo ilikuwa sheria nzuri. Lakini ilikuwa sheria ya kiwanda. Macho yake yalikuwa juu ya mashine na moto. Jineri ilikuwa kiwanda bila shaka. Ghala la kijiji, lisilo na mashine ila mizani, halikuwa kiwanda kwa maana ya sheria ile. Kwa hiyo mtu aliyechambua pamba alikuwa na sheria ya kumlinda, na ndugu yake aliyeipanga pamba ile ile kijijini hakuwa nayo.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 50. Nchi ilipata uhuru mwaka 1961. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Shinyanga ikapata chama chake kikuu, SHIRECU, mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena. Maghala yalibadili wenyewe kila mara, na kitu kinachobadili wenyewe kila mara hakipigwi msumari mpya. Hatimaye ikatungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ikaifuta ile ya mwaka 1950. Msimamizi wake ni OSHA, wakala wa Serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Tofauti kubwa ni hii: sheria mpya haisemi kiwanda tu, husema mahali pa kazi. Ghala ni mahali pa kazi. Mwajiri hapana budi atazame hatari zilizopo, awafundishe wafanyakazi, na awepo mwakilishi wa afya na usalama kutoka miongoni mwao. Naye mfanyakazi akiona hatari ana wajibu wa kuitoa taarifa. Sikilizeni neno hilo, wajibu. Mchukuzi anayesema "nguzo ile imepasuka" haleti fitina, anatimiza sheria.

Msidhani kwamba ni sisi tu tuliochelewa. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, tonado kubwa zilipita katika majimbo kadhaa ya Marekani. Katika mji wa Edwardsville, jimbo la Illinois, moja ilipiga ghala la kampuni ya Amazon kwa upepo wa kilomita 240 hivi kwa saa. Ghala hilo halikuwa la tofali mbichi. Lilikuwa jipya, kubwa kupita kiwanja cha mpira mara nyingi, na kuta zake ndefu zilikuwa za zege. Kuta hizo zilianguka, na watu sita walikufa. Onyo la tonado lilikuwa limetolewa kabla. Wengine walikimbilia vyoo vya upande wa kaskazini vilivyokuwa vimechaguliwa kuwa kimbilio, nao wakapona. Waliokufa walikuwa upande wa kusini.

Wakaguzi wa serikali walipochunguza, waliona kwamba kipaza sauti cha mkono, kilichowekwa kwa ajili ya kuwaita watu waende kwenye kimbilio, kilikuwa kimefungiwa ndani ya kizimba, hakikuweza kufikiwa. Baadhi ya wafanyakazi hawakukumbuka kimbilio liko wapi. Wakaguzi hawakupata sheria iliyovunjwa; waliandika barua ya kuionya kampuni. Usiku uo huo, katika mji wa Mayfield, jimbo la Kentucky, kiwanda cha mishumaa kilibomoka na watu tisa wakafa. Wafanyakazi wengine walisema waliambiwa kwamba wakiondoka watapoteza kazi. Wenye kiwanda walikana. Mwaka 2024 jimbo la Illinois likatunga sheria kwamba wenye maghala wawe na mpango wa maandishi wa kujikinga na tonado. Nchi tajiri namna ile, izoeayo tonado kila mwaka, iliandika sheria ya maghala baada ya mazishi.

Nawapa habari hizi kwa sababu moja. Zege peke yake haikutosha kule. Kilichowatenga walio hai na waliokufa kilikuwa pia kujua mahali pa kwenda, na kusikia neno kwa wakati. Na hapo, ndugu zangu, ndipo kusoma kunapoingia.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa taarifa kila siku. Ilikuwa wakala tangu mwaka 1999, ikawa mamlaka mwaka 2019. Taarifa zake za hatari hutumia maneno matatu na rangi tatu. Andikeni. Manjano: ANGALIZO. Rangi ya chungwa: TAHADHARI. Nyekundu: TAHADHARI KUBWA. Someni tena pamoja, kwa sauti. Mkiyaona kwenye gazeti, au kwenye simu ya mtoto wako, sasa hamhitaji kumwuliza mtu maana yake. Lakini kumbukeni kwamba taarifa hiyo husemea mkoa mzima. Haiwezi kukuambia kwamba wingu lile juu ya ghala lako litashuka saa tisa na robo. Hapo utalitazama wingu mwenyewe: weusi wake, baridi ya ghafla, vumbi linalokimbia mbele ya mvua.

Ninyi wa Geita msifikiri kwamba somo hili ni la wapanga pamba tu. Huko wengi wenu mnafanya kazi penye karasha za kusagia mawe ya dhahabu, chini ya mabanda ya nguzo za miti na bati zilizofungwa kwa waya. Banda halina ukuta wa kukuangukia, ni kweli. Lakini bati linaloruka lina makali ya panga. Tena kuna radi. Mwezi wa Oktoba 2018 radi iliwaua wanafunzi sita wa shule mjini Geita. Banda la bati juu ya kilima si mahali pa kungoja dhoruba ipite, wala mti mkubwa ulio kando yake si mahali. Nendeni kwenye jengo imara mapema, kabla ya tone la kwanza. Ninajua msimamizi atasema mawe hayajasagwa. Mwambieni kwa heshima kwamba mawe hayo yamengoja ardhini tangu zamani.

Robota moja la pamba lina uzito wa kilo 180 hadi 200. Basi aliye ndani ya ghala asijifiche chini ya marobota yaliyopangwa juu, wala asisimame kwenye mlango mkubwa, wala asiegemee ukuta mrefu. Aende chumba kidogo, achuchumae, afunike kichwa kwa mikono. Hilo nililijua kwa yule mzee, na wahandisi wanasema vivyo hivyo.

Kazi ya juma hili ni ya kuandika. Kila mmoja achore ramani ya mahali pake pa kazi, au ya ghala la kijiji chake. Aoneshe milango yote kwa herufi M. Kando ya kila mlango aandike ufunguo wake hukaa kwa nani. Aoneshe ukuta ulio mrefu kuliko wote na ahesabu nguzo zake. Mwisho atie alama ya msalaba kwenye chumba ambacho angekimbilia. Kama hakuna chumba cha namna hiyo, aandike sentensi moja, "Hapa hakuna kimbilio," aitie sahihi yake, na ampelekee mwakilishi wa usalama au katibu wa chama. Nakala moja mleteeni mwalimu wenu.

Juma lijalo tutasoma habari za reli kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928. Kwaherini.